Mgombea wangu anakula vitumbua vyangu, mchungaji wake kavikataza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Temeke. Kata yenyewe naomba nisiitaje, maana kwetu ukitaja kata umeshaonyesha na mlango. Ni Mwislamu. Kazi yangu ni vitumbua. Naloweka mchele alasiri, usiku nasaga, saa kumi na moja alfajiri karai liko motoni barazani, na huu ni mwaka wa tisa nasomesha watoto kwa karai hilo.

Kata yetu ina uchaguzi mdogo wa udiwani, na mmoja wa wagombea ni baba wa mtaani kwetu, nitamwita Baba G. Ni mlokole. Masika ya mwaka juzi mtaro ulipoziba na maji yakaingia mpaka vyumbani, ni yeye aliyeomba ruhusa kazini siku nne akashinda manispaa mpaka wakaja kuuzibua. Hakuuliza nyumba ipi inasali wapi. Na kila asubuhi akienda kazini anapita kwangu kuchukua vitumbua sita. Vinne anafungiwa, viwili anakula palepale amesimama, tai ameitupa begani isidondokewe mafuta.

Akina mama wa mtaa wameniomba nisimame kwenye kikao cha wanawake Jumamosi hii nimnadi. Nilikubali bila kufikiri mara mbili.

Sasa wiki mbili zilizopita, Jumatatu usiku, ikaingia klipu kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Ni mchungaji wa kanisa analosali Baba G. Anawaambia waumini wasinunue chakula kilichopikwa na mtu asiye wa imani yao, "maana hamjui kimesomewa nini." Akataja uji, akataja maandazi, akataja vitumbua. Shangazi, vitumbua kavitaja kwa jina! Watu wanacheka, wanaitikia Amina. Kamera inageuka, na kiti cha mbele kabisa amekaa Baba G, na ile tai yake, na mdomo wake unacheza. Nimeitazama klipu hiyo labda mara ishirini, naisimamisha hapohapo. Binti yangu anasema pale anapiga mwayo. Mume wangu anasema Amina ni Amina.

Jumanne asubuhi Baba G alikuja kama kawaida. Sita. Viwili akala, vinne nikamfungia, akalipa, akaaga. Hakusema neno, na mimi sikusema. Mpaka leo hatujasema.

Kaka yangu ananiambia mtu ni mchungaji wake, mpe huyo udiwani na kesho utakuta diwani halisi ni mchungaji. Binti yangu anasema mama, mchungaji hagombei. Na mimi kilo tano zangu zilikuwa zinaisha saa moja na nusu, siku hizi saa tatu bado nina robo ndoo ya unga uliochachuka.

Na nisijifanye msafi. Ustadhi wa darasa letu la akina mama, tunakutana kila Alhamisi, Desemba iliyopita alituambia kula pilau ya Krismasi kwa jirani ni kushiriki ukafiri. Nilikaa kimya, na wenzangu walipoitikia nikaitikia. Krismasi ilipofika nilikwenda kwa jirani yangu kama miaka yote, nikala, na ya kubeba nikabeba. Darasa bado naenda.

Nisimame Jumamosi au nisisimame?

Mama Vitumbua, Temeke

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo robo ndoo.

Kwanza acha kuisimamisha hiyo klipu. Mimi nimelelewa Kariakoo, baba wa msikitini na mama wa kanisani, na nimeitikia Amin na Amina kwa mambo mengi ambayo sikuyasikia hata kidogo kwa sababu akili ilikuwa kwenye sufuria niliyoiacha jikoni. Mdomo unaocheza kwenye kiti cha mbele haukuambii kitu. Huenda aliitikia kwa moyo wote, huenda kweli alipiga mwayo kama anavyosema binti yako (nimempenda huyo binti). Na klipu ya wiki za uchaguzi ina mwenye kuikata na mwenye kuituma, na aliyeituma hakuituma kwa uchungu wa vitumbua vyako.

Hata hesabu ya wateja usiibebeshe klipu yote. Uliza wauza chai wenzako kama na wao wanabakiza. Ikiwa mtaa mzima unabakiza, ni hali ya mifuko tu.

Kwa hiyo lililotokea kanisani sina la kumdai Baba G. Ninalomdai ni la Jumanne. Kitumbua kiko mdomoni, anajua mtaa mzima umeona, anajua aliyevipika ni wewe, na anakutazama usoni. Hata "Mama, lile nimelisikia" limemshinda. Kimya hicho ni chake mwenyewe, mchungaji hakumwekea mdomoni. Nitarudi hapo.

Nimjibu kaka yako anayesema mtu ni mchungaji wake. Angekuwa na haki, nchi hii isingefika ilipofika. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kusali kwelikweli, lakini baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 serikali yake ilizitaifisha shule za mashirika, na nyingi zilikuwa za makanisa, likiwemo lake. Mwaka 1993 watu walipovunja mabucha ya nyama ya nguruwe hapa Dar, kule Magomeni, rais alikuwa Mzee Mwinyi, Mwislamu, na serikali yake ndiyo iliyowakamata Waislamu wenzake. Nimekutajia hilo la mabucha makusudi, mwanangu, maana nalo lilianzia kwenye nani ale nini na nani auze nini.

Hata juzi tu, mwaka 2023, Baraza la Maaskofu Katoliki lilipotoa tamko la kupinga mkataba wa bandari kati yetu na Dubai na likasomwa makanisani, ulikuwa unasikia watu wanapangana kana kwamba gati lina dini. Ukichungulia ndani ukakuta Wakatoliki wa chama tawala wanautetea mkataba na Waislamu wa vijiweni wanaupinga. Mwanasiasa ana wa kumsikiliza wengi: chama chake, tumbo lake, wapiga kura wake. Kiongozi wake wa dini ni mmoja tu kwenye foleni, na mara nyingi si wa mbele.

Kupima mtu kwa dini ya aliye nyuma yake tumeshakujaribu na hakukutufaa. CUF iliwahi kuitwa chama cha Waislamu, kisha CHADEMA ikaitwa chama cha Wakristo, na lililokuwa linazungumzwa jukwaani, liwe maji au katiba, likawa halisikiki tena. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama cha dini moja. Lakini sheria haiwezi kukataza wewe na kaka yako kumhesabia mgombea misa zake.

Binti yako naye nisimwache hivihivi. "Mchungaji hagombei" ni jibu zuri, ila ni jepesi. Kwanza wapo wachungaji wanaogombea. Askofu Gwajima alipokuwa mbunge wa Kawe, mwaka 2021 aliipinga chanjo ya korona kanisani kwake, na Bunge likamwita kwenye kamati, likamsimamisha mikutano miwili. Hapo mdomo ni mmoja, huwezi kusema hili kalisema askofu na hili mbunge. Pili, hata asiyegombea anaweza kuwa na kazi kwenye kampeni. Kiti cha mbele hakikaliwi bure wakati wa uchaguzi.

Hapo ndipo nataka nikupeleke Marekani kidogo, maana suala lako liliwahi kumpata mtu mkubwa. Mwaka 2008 Barack Obama anagombea urais, na mwezi wa tatu televisheni zikaanza kurusha vipande vya mahubiri ya mchungaji wake wa Chicago, Jeremiah Wright, akiilaani nchi yao kwa inavyowatendea watu weusi. Huyu alikuwa mchungaji wake wa miaka kama ishirini. Ndiye aliyewafungisha ndoa, ndiye aliyewabatiza watoto wao, na hata jina la kitabu kimoja cha Obama lilitoka kwenye mahubiri yake. Watu wakauliza swali la mume wako: ulikuwa umekaa humo miaka yote, ulikuwa huyasikii?

Tarehe 18 Machi akasimama Philadelphia akalijibu mwenyewe, hakutuma msemaji. Alisema maneno yale anayakataa, ila mtu mwenyewe hawezi kumkana, kama asivyoweza kumkana bibi yake mzungu aliyemlea, ambaye naye alikuwa na maneno ya kuumiza kuhusu watu weusi. Mwishoni mwa Aprili mchungaji akazungumza tena mbele ya waandishi wa habari Washington, akarudia na kuongeza, na kesho yake Obama akajitenga naye waziwazi. Mwisho wa Mei akatoka kanisa lile. Novemba akashinda.

Mwaka huohuo mpinzani wake, John McCain, alikuwa amefurahia kuungwa mkono na mchungaji mmoja wa Texas, John Hagee. Huyu hakuwa mchungaji wake, hakumbatizia mtoto. Alikuwa mchungaji mwenye watu wengi, basi. Yakaibuka mahubiri yake ya zamani yaliyosema Hitler alikuwa sehemu ya mpango wa Mungu wa kuwarudisha Wayahudi kwao, na mwezi wa tano McCain akaukataa msaada wake.

Wengi waliwaweka hawa wawili kwenye mizani moja. Mimi siwaweki. Mchungaji aliyekulea ni kama mjomba: humchagui, na akisema pumba harusini unainama tu. Mchungaji uliyemfuata ili akuletee kura umemchagua kwa macho yako, na alichosema kina alama za vidole vyako. Kwa hiyo kabla ya Jumamosi ulizia jambo moja: Baba G anasali hapo tangu lini? Ikiwa ni tangu ujana wake, ni mjomba huyo. Ikiwa alikuwa anasali kwingine na amehamia hapo baada ya kiti cha udiwani kuwa wazi, akapewa na kiti cha mbele, mwanangu, hapo mimi ningeanza kukuna kichwa.

Sasa tushuke kwenye udiwani, kwa sababu hupigi kura ya kumpata mtakatifu. Diwani ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na njia ya vikundi kuifikia inaanzia huko chini kwenye kata. Nina hakika wewe au wenzako wa kikao mna kikundi kinachoisubiri. Mtu anayeamini kwamba pesa ya mwamini isiende kwenye chakula cha asiyeamini akikaa karibu na karatasi za vikundi hivyo, ni lazima nijue anazitazamaje. Na akianza kuzungumzia nani aruhusiwe kuweka meza wapi barabarani, hali kadhalika. Imani yake juu ya ufufuo hainihusu, wala haikuhusu.

Maneno ya mchungaji wake yangekuwa ya kufunga na kuomba, nisingekuambia umwulize lolote. Lakini haya yamemkataza mwananchi asinunue kwa mwananchi mwenzake, na huyo mwananchi anamwombea kura. Yameshatoka kanisani, yamekaa barazani kwako. Hapo ana wajibu wa kujibu, na wa kumwuliza ni wewe, si grupu.

Mwaka 1960 John Kennedy alipogombea urais hukohuko Marekani, watu walihofu kwamba Mkatoliki akiingia Ikulu atatawala kwa amri ya Papa. Akaenda Houston mbele ya wachungaji wa Kiprotestanti akawaambia ikifika siku dhamiri yake na maslahi ya taifa vimegongana, ataachia kiti. Nimempenda kwa kutaja alichokuwa tayari kukipoteza. Baba G naye usimwulize "wewe unaamini vile?", maana atakujibu kwa aya. Mwulize hivi: "Baba G, nikisimama Jumamosi nikakunadi, na wewe Jumapili ukiwa kwa watu wako, utasema unakula kwangu?" Kisha geuza kitumbua, nyamaza, msubiri.

Akikuambia atasema, au tayari alishakwenda kwa mchungaji wake kimyakimya akamweleza kwamba yale maneno yanawaumiza majirani, simama Jumamosi na sauti yako yote. Akikuambia "Mama, mambo ya kanisa tuyaache kanisani", hapo amekuomba umtangaze mchana kwa watu wako huku yeye akikuficha kwa watu wake. Usimnadi. Kura yako mpe ukitaka, kwa ajili ya mtaro, maana mtaro aliuzibua kweli, na wapinzani wake sijui walikuwa wapi siku hizo nne. Ila mdomo wako ubaki nao. Wala usimnyime vitumbua.

Sasa lile la pilau. Umeliandika mwishoni kama mtu anayetupa takataka akitumaini hakuna aliyeona, na mimi ndilo lililonifanya niichague barua yako. Ulimsikia ustadhi, ukaitikia, ukaenda kula, na darasani bado umo. Jirani yako Mkristo angepata klipu ya Desemba ile, kamera ikageuka, angeona mdomo wako nao unacheza. Je, angekuwa na haki ya kusema mama vitumbua ni ustadhi wake? Sikukemei. Mkishakula pilau pamoja miaka yote, jirani anajua. Ila hukuwahi kumwambia, na yeye hajakuuliza, kama wewe na Baba G mlivyo sasa.

Kikao ni Jumamosi, na darasa lenu ni Alhamisi, siku mbili kabla. Nenda. Ustadhi akimaliza na kuuliza nani ana swali, nyoosha mkono umwulize lile la pilau, kwa adabu, mbele ya wenzako. Uone mkono una uzito gani. Ukishindwa kuunyanyua, utakuwa umejua alivyokaa Baba G kwenye kile kiti, na Ijumaa utamwuliza kwa upole zaidi. Ukiunyanyua, Ijumaa asubuhi akifika na tai yake begani, mfungie vinne vyake kwanza, kisha mwulize.